Simu, Mnara na Mtandao: Historia ya Maneno na Maoni katika Wilaya za Handeni na Korogwe

Makala haya yanahusu maneno ambayo wananchi wa wilaya mbili za Mkoa wa Tanga, yaani Handeni na Korogwe, wameyatumia na wanaendelea kuyatumia wanapozungumza juu ya vyombo vya mawasiliano, tangu waya wa simu wa zamani hadi intaneti ya leo. Sisi wenye kazi ya istilahi tumezoea kulipima neno kama fundi apimavyo ubao: je, linabeba dhana inayotakiwa, ni fupi, linakubali viambishi, haligongani na neno jingine? Maswali hayo ni ya lazima. Lakini yako maneno ambayo, kabla ya kuwa istilahi, yalikwisha kuwa maoni. Mkulima wa Mkata ambaye hajaulizwa na mtu yeyote anaionaje sera ya mawasiliano amekwisha kujibu, kwa jina alilokipa chombo chenyewe na kwa kitenzi anachokitumia chombo hicho kinapomfaa au kinapomkosesha.

Jambo hili lingeweza kuachwa kwa wanaisimu kama si mabadiliko ya mwaka 2021, wakati Bunge lilipopitisha marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria za nchi na lugha ya mahakama. Sheria zilizotungwa kwa Kiingereza zinapaswa kusemwa kwa Kiswahili, na zilizo mpya zaidi, zile zinazohusu mawasiliano, ndizo zenye maneno machanga zaidi. Mfasiri anayechagua neno moja na kuliacha jingine aghalabu anaamua sheria imguse nani na imwache nani.

Tuanze na simu. Asili ya neno hili ni Kiajemi, ambako lina maana ya waya. Waya wa baharini ulipofikishwa Unguja kutoka Aden mwaka 1879, simu ya kwanza waliyoijua watu wa pwani yetu ilikuwa ile ya kupeleka maandishi kwa mapigo ya umeme. Hapakuwa na sauti ya mtu ndani yake. Kuelekea bara, waya ulifuata reli. Ujenzi wa reli ya Tanga ulianza mwaka 1893, ukafika Korogwe mwaka 1902 na Moshi mwaka 1911. Kwa hiyo Korogwe, mji wa stesheni, ulipata simu pamoja na gari moshi, na Handeni, ambayo reli haikuipitia, ikabaki kungojea habari kwa njia ya barabara. Tofauti hii ya mji wenye waya na mji usio na waya ilidumu kwa muda mrefu, na hata leo mzee wa Handeni akitaka kukumbusha nani alitangulia, ataitaja reli kabla ya kutaja shule.

Wapo wanaosema kwamba tunapiga simu kwa sababu karani wa zamani alikuwa akiigonga mashine kwa kidole. Maelezo hayo yanapendeza, lakini sidhani kwamba yanahitajika. Kiswahili hupiga picha, hupiga pasi, hupiga chapa, hupiga hodi na hupiga kura. Kitenzi hicho kilikuwa tayari kimejifungua mikono kuipokea simu au kitu kingine chochote.

Lililo la kuangaliwa zaidi ni bei. Simu ya maandishi ililipiwa kwa idadi ya maneno, na katika hesabu hiyo lugha yetu ilikuwa na faida ambayo wenye lugha nyingine hawakuwa nayo. “Hatunaye” ni neno moja, na ndani yake mna msiba mzima. “Tumekwishamzika” ni neno moja pia. Mtu aliyeujua ufundi wa viambishi aliweza kumwita ndugu yake kutoka Dar es Salaam kwa maneno matatu, na karani wa posta asiwe na la kusema. Kwa kuwa simu za namna hii ziliandikwa zaidi penye dharura, watu wa vijijini waliiogopa bahasha yake kabla ya kuifungua. Katika masikio ya kizazi hicho, “umeletewa simu” ilikuwa habari ya kumkalisha mtu chini.

Mtu atakayelinganisha ufundi huo na ule wa vijana wa miaka ya 2000 ataona jinsi bei inavyofinyanga lugha. Ujumbe wa simu ya mkononi haukuhesabiwa kwa maneno, ulihesabiwa kwa herufi, na kikomo chake kilikuwa herufi 160. Mara viambishi vikaonekana ni virefu. “Sijui” ikawa “cjui”, “tunakwenda” ikaanza kwa tarakimu ya 2, na “sasa” ikaandikwa “xaxa” ingawa hapo hakuna herufi iliyopunguzwa. Huo ulikuwa urembo tu. Walimu walilalamika, na walikuwa na haki ya kulalamika walipoyakuta maandishi hayo katika karatasi za mitihani. Lakini babu aliyeandika “hatunaye” na mjukuu aliyeandika “cjui” walikuwa wakifanya kazi moja, kila mmoja akikwepa kipimo cha mwenye mashine.

Kati ya vizazi hivyo viwili palikuwa na redio. Mwaka 1973 kampeni ya “Mtu ni Afya” iliwakusanya watu wapatao milioni 2 nchini katika vikundi vya kusikiliza, na vijiji vya mikoa yetu vilikuwa na vikundi hivyo, na kiongozi wa kikundi, na kitabu cha kusoma baada ya kipindi. Sauti ilitoka mbali, lakini majadiliano yalifanywa chini ya mwembe. Wakati huohuo watu walikuwa na chombo kingine, nacho kiliitwa redio mbao. Redio mbao haina betri, haina mtangazaji, wala haina saa ya kufunga matangazo. Ni uvumi unaopita kutoka mdomo hadi mdomo. Jina lenyewe ni hukumu ya kejeli: hii nayo ni redio, ila imetengenezwa kwa mbao. Yaani Waswahili walikwisha kutofautisha habari yenye mwenyewe na habari isiyo na mwenyewe miaka mingi kabla ya mtu yeyote kutunga kanuni juu ya habari za uzushi. Nashangaa kwamba hakuna orodha ya istilahi iliyolipa redio mbao heshima ya kuingizwa.

Serikali nayo ilikuwa na maoni yake juu ya mashine. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974, baada ya matatizo yaliyotokea katika hesabu za Serikali zilizokuwa zimekabidhiwa mashine, uingizaji wa kompyuta nchini ulipigwa marufuku. Marufuku hayo yalilegezwa baadaye. Kwa upande wa lugha yalikuwa na tokeo moja la ajabu: wataalamu walipata muda wa kutosha wa kupendekeza majina ya kitu ambacho watu wengi hawakuwa wamekiona. Yalipendekezwa tarakilishi na ngamizi, na kila moja lilikuwa na mawakili wake. Bidhaa ilipofika ilifika na jina lake, kompyuta, na katika Tanzania Bara kesi hiyo iliisha bila ya hakimu.

Hapa sina budi kusimama kidogo katika mashamba ya mkonge, kwa maana bila ya hayo mtu hawezi kuelewa kwa nini wazee wa Korogwe huipokea mitambo mipya kwa jicho la pembeni. Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Richard Hindorf. Miche 62 tu ndiyo iliyofika hai. Kutokana na miche hiyo Tanganyika ilikuja kuwa nchi ya kwanza duniani kwa mkonge, na mwaka 1964 ilitoa zaidi ya tani 230,000. Bonde la Korogwe lilikuwa mojawapo ya mioyo ya kilimo hicho, na watu walitoka mikoa ya mbali kuja kuukata. Halafu zikaja nyuzi za kutengenezwa viwandani, na bei ikaanguka. Kwa mkata mkonge, uzi wa plastiki haukuwa neno la sayansi. Ulikuwa ndiyo sababu ya kambi kufungwa. Kwa hiyo kijana anapomweleza babu yake kwamba kitu fulani kitaleta maendeleo kwa kuwa ni cha kisasa, babu anayo mashamba ya kumwonyesha.

Ndiyo maana lilipokuja neno mkongo, liliwafikia watu wa Korogwe likiwa na mwangwi ambao wataalamu wa Dar es Salaam hawakuukusudia. Waya wa baharini wa SEACOM ulianza kazi Dar es Salaam mwezi Julai 2009, na ukafuatiwa na ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, yaani nyuzi nyembamba za kioo zinazopitisha mwanga, zilizofukiwa ardhini kuelekea mikoani. Wako waandikao mkonga, kwa kufikiria pua ya tembo, na wako waandikao mkongo; nyaraka rasmi zimeshika la pili. Lakini mahali ambapo neno uzi kwa miaka mia moja limekuwa na maana ya katani, mkongo na mkonge vinatofautiana kwa irabu moja tu, na vyote viwili ni nyuzi zinazopita katika ardhi hiyo kwenda kwa watu wengine. Mzee mmoja wa huko aliwahi kuniuliza kama mkongo huu nao utakatwa kwa panga na kulipwa kwa fungu. Alikuwa akicheka, ila swali la nani analipwa halikuwa la kuchekesha.

Simu ya mkononi ilipoenea baada ya mwaka 2000, watu hawakungojea kupewa maneno. Mnara, ambao zamani ulikuwa wa msikiti au wa taa ya kuongoza vyombo baharini, ukawa ule wa chuma unaoonekana juu ya kilima. Laini ni kile kikadi kidogo, na pia ni namba, na pia ni uhusiano wa mtu na kampuni. Simu zenyewe zimegawanywa kwa uangalifu mkubwa kuliko wetu. Ile ndogo yenye tochi ni kitochi, au kiswaswadu kwa wenye dhihaka. Ile kubwa ya kioo ni simu janja katika maandishi yetu, lakini sokoni utasikia simu ya kupangusa. Nalipenda neno hili la pili. Kupangusa ni kazi ya mtu mwenye kitambaa mkononi, na aliyelitunga alikitazama kidole kinavyokwenda juu ya kioo badala ya kuitazama sifa iliyoandikwa katika tangazo. Kwa nini simu iitwe janja, na ujanja huo ni dhidi ya nani? Istilahi yetu imeingiza sifa ya muuzaji bila kujua.

Kadhalika kifurushi na bando. Kifurushi ni neno zuri, na limepitishwa katika matangazo ya kampuni na ya Mamlaka ya Mawasiliano, ambayo iliundwa mwaka 2003. Lakini watu wamebaki na bando. Sababu nilizopewa ni kwamba kifurushi hufungwa na anayekipeleka kwa mtu anayempenda, hali bando hununuliwa, huisha usiku na haliulizi. Sisemi kwamba tulifute kifurushi katika orodha. Nasema kwamba mtu akikataa neno, asikilizwe kabla ya kusahihishwa.

Kitenzi chenye historia kubwa kuliko vyote ni kusoma. Katika wilaya hizi, kama kwingineko nchini, salio linasoma, mtandao unasoma au hausomi. Kitu kinachoonekana katika kioo cha mashine ndicho kinachosoma. Matumizi haya yalifika kilele chake kati ya tarehe 1 Mei 2019, usajili wa laini kwa alama za vidole ulipoanza, na tarehe 20 Januari 2020, muda wa nyongeza ulipokwisha na laini zisizosajiliwa zikaanza kufungwa. Msomaji atakumbuka foleni za miezi hiyo. Kwanza mtu alipaswa kuwa na namba ya kitambulisho cha taifa, na foleni ya kwanza ilikuwa hiyo. Kisha alikwenda kwa wakala, akaweka kidole juu ya kioo kidogo chekundu. Vidole vilivyoshika jembe miaka 40, au vilivyochomwachomwa na miiba ya mkonge, mara nyingi vilikataliwa.

Nilisimama katika foleni moja mjini Korogwe, eneo la Manundu. Kijana wakala alimwambia mama mmoja mtu mzima, kwa adabu kabisa:

“Shikamoo mama. Samahani, vidole vyako havisomi.”

“Marahaba mwanangu. Mwenyewe sikusoma, sembuse vidole.”

Watu walicheka, naye pia. Hata hivyo tuiangalie sarufi ya sentensi ya kijana yule. Hakusema kwamba mashine imeshindwa kuvisoma vidole. Hakusema kwamba vidole havisomeki, kauli ambayo ingetufaa sisi wenye vitabu na ambayo ingeacha nafasi ya kuuliza ni nani hasa asiyeweza kuvisoma. Alisema vidole havisomi, na kwa kiambishi kimoja kosa likahama kutoka kwenye mashine likakaa katika mwili wa mama. Mama alilielewa hilo papo hapo. Ndiyo maana akalijibu kwa kujitaja yeye mwenyewe na shule ambayo hakuipata. Pamoja na hayo, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambayo ingemwezesha mama huyo kuuliza alama zake zinahifadhiwa wapi na kwa kazi gani, ilitungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika mwaka 2023. Vidole vilitangulia, sheria ikafuata. Katika maelekezo ya usajili wa namna hii siku za usoni, ningependa watendaji waandike “mashine haikusoma alama”. Ni maneno matatu na hayaongezi gharama.

Fedha nazo zina sarufi yake. Huduma za kutuma fedha kwa simu zilipoanza nchini mwaka 2008, mwananchi alipata uwezo mkubwa ambao haustahili kubezwa na mtu yeyote: mtoto aliye Dar es Salaam aliweza kumtumia mama yake aliye Kabuku fedha za mbolea bila ya kumtafuta dereva wa basi mwaminifu. Pamoja na uwezo huo yalizaliwa maneno ya heshima. “Tuma na ya kutolea” ni sentensi ambayo nomino yake imepotea. Ni fedha ya kutolea, ila neno fedha halitajwi, kama vile katika adabu zetu vitu vingine havitajwi. Mtumaji asiyeweka ya kutolea amempunguzia mwenzake na kumwaibisha. Haya ni maadili yaliyojengwa juu ya ada ya kampuni, na yamejengwa na watu wenyewe.

Ndipo tarehe 15 Julai 2021 ilipoanza tozo ya miamala, kuanzia shilingi 10 hadi shilingi 10,000 kwa muamala mmoja kwa kadiri ya fedha iliyotumwa au kutolewa. Malalamiko yalikuwa makubwa nchini kote. Mwezi Septemba mwaka huohuo tozo ilipunguzwa kwa asilimia 30, na ikapunguzwa tena mwaka 2022. Kwa mtu wa istilahi, jambo la kupima ni uteuzi wa neno. Serikali iliita tozo, na siyo kodi, pengine kwa kuona kuwa tozo ni neno jepesi. Lakini tozo latokana na kutoza, na kutoza ni kumfanya mtu atoe. Hivyo neno lililoteuliwa kwa upole limebeba ndani yake kauli ya kusababisha, ambayo kodi haina. Watu wa Handeni niliowasikia hawakutumia lolote kati ya hayo mawili. Walisema “nimekatwa”. Hapo mtendaji hatajwi kabisa: si kampuni, si wakala, si Serikali. Mtu amekatwa, basi, kama mkonge ukatwavyo. Ofisa anayetaka kuwaeleza wananchi kwa haki ingempasa avunje kauli hiyo na kusema ni nani aliyekata, kiasi gani, na fedha imekwenda wapi.

Sasa tuje kwenye neno lenye uzito kuliko yote, nalo ni mtandao. Mzizi wake ni kutanda, kama utando wa buibui utandavyo, na lilikuwako muda mrefu kwa maana ya uhusiano wa watu au vikundi vingi. Leo linabeba angalau mizigo mitatu. Mtu akisema “huku hakuna mtandao”, anasema mnara haufiki. Akiuliza “unatumia mtandao gani?”, anauliza jina la kampuni. Akisema “nimeona mtandaoni”, anasema intaneti, na kwa watu wengi hiyo ni kusema WhatsApp au Facebook. Katika maongezi hapana tatizo, kwa sababu wanaozungumza wanaonana. Tatizo linakuja katika sheria.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ilitungwa mwaka 2015. Jina hilo la Kiswahili limeenea, nalo limefanya kazi yake ya kuwafahamisha watu kwamba sheria ipo. Lakini kwa Kiingereza sheria hiyo inahusu mifumo ya kompyuta, na humo simu ya mkononi imo hata ikiwa haina intaneti. Mwenye kitochi anayesikia “mtandao” kwa maana ya WhatsApp hudhani kwamba yeye hahusiki, na huku matapeli wanaompelekea ujumbe wa “ile hela tuma kwa namba hii” wanatumia kitochi hichohicho. Kwa upande wa pili, mwenye simu ya kupangusa husikia kwamba kila alifanyalo mtandaoni ni kosa linalongoja siku yake. Jina moja limemtoa mmoja ndani ya ulinzi aliostahili na limemtia mwingine katika hofu isiyo na mipaka.

Kuna na kitenzi cha kosa lenyewe. Kifungu cha 16 cha sheria hiyo kinamhusu mtu anayetoa kwa umma habari huku akijua kuwa ni za uongo, za hadaa, za kupotosha au zisizo sahihi, kwa nia ya kukashifu, kutisha, kutukana, au kudanganya umma. Adhabu yake ni faini ya mamilioni ya shilingi au kifungo cha miaka. Mahakamani na katika magazeti tendo hilo huitwa kuchapisha. Sasa, kuchapisha ni kupiga chapa. Kwa mwananchi wa Korogwe, mwenye kuchapisha ni mwenye mtambo: kiwanda cha magazeti au duka la kadi za harusi. Yeye aliyeipokea picha saa mbili usiku na kuipeleka katika kundi la ukoo hajachapisha kitu. Ukimuuliza, atasema “nimerusha tu”. Kurusha ni kitenzi chepesi, cha jiwe au cha mpira; kitu kikisharushwa hakiko mkononi tena, na mrushaji hana habari kitaangukia wapi. Katika kitenzi hicho kuna nadharia nzima ya wajibu, nayo inapingana na ya sheria. Wala haifai kusema kwamba wananchi hawaelewi. Wanaelewa kwa mujibu wa neno walilo nalo, na neno walilopewa na sheria linawaambia jambo jingine.

Walimu wa fasihi watalitambua na neno la tatu, maudhui. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zilitolewa mwaka 2018, zikaandikwa upya mwaka 2020 na kurekebishwa mwaka 2022, na zile za kwanza ziliweka ada za leseni ambazo mwenye blogu ya kijijini hakuweza kuziota. Kwa kizazi chote kilichopita kidato cha nne, maudhui ni ndugu wa fani. Ndani yake mna dhamira, ujumbe na falsafa ya mwandishi. Mwalimu mmoja wa Korogwe alinieleza kwamba wanafunzi wake walipomsikia mtangazaji akisema “mzalishaji wa maudhui”, walidhani ni mtunzi wa riwaya. Kosa lao si kubwa. Neno limehamishwa kutoka darasani kwenda kwenye leseni bila ya kuandikiwa barua ya uhamisho.

Siyo kwamba watu hushindwa kila mara kutofautisha. Wakati wanapotaka kutaja mtendaji, lugha inawatosha. Mtandao umezima ni jambo la mvua au la umeme. Mtandao umezimwa ni jambo la mtu. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, na kwa siku kadhaa zilizofuata, intaneti ilizimwa nchini. Kwa siku hizo mawakala hawakuweza kufanya kazi kama kawaida, wala wenye ndugu mbali hawakuweza kuwajulia hali kwa njia waliyoizoea. Nimesikiliza kwa makini jinsi watu wa barabara ya Segera wanavyozieleza siku hizo baadaye, na sijasikia hata mmoja aliyesema “ulizima”. Mwandishi wa historia wa kesho atakayelikuta tukio hilo katika hati za Kiswahili atahitaji kuiangalia herufi w.

Kwa Wazigua wa Chogo, wilayani Handeni, kuzimwa kwa namna hiyo kuna maana ya pekee. Mababu zao walichukuliwa hadi Somalia katika karne ya 19. Wao walikimbia vita baada ya mwaka 1991, wakarudi katika nchi ambayo lugha yake walikuwa bado wanaizungumza, na wengi wakapewa uraia wa Tanzania. Jamaa zao waliopitia makambi ya Kenya walipelekwa Marekani kuanzia miaka ya 2003 na 2004. Kati ya Chogo na miji ya Marekani Kizigua husafiri leo kwa sauti, katika zile jumbe fupi za WhatsApp ambazo vijana huziita voisi. Asiyeandika Kiswahili wala Kiingereza anabonyeza na kusema. Hapo ndipo mtandao unaporudia maana yake ya kwanza, ya watu waliotanda.

Kutokana na haya yote yapo mapendekezo machache. Katika sheria na kanuni, kinachoitwa kwa Kiingereza kwa jina la mtandao wa dunia nzima kiandikwe intaneti, neno ambalo kila mtu analijua. Uwezo wa mnara uitwe mtandao wa simu. Na mtandao peke yake uachiwe mazungumzo. Voisi ipewe nafasi pembeni ya ujumbe wa sauti. Akili bandia, akili mnemba na akili unde bado zinavutana, na sioni haja ya kuharakisha kuliko ilivyokuwa kwa tarakilishi. Lakini juu ya kuchapisha hatuwezi kungoja, maana mashtaka hayangoji. Yamependekezwa kutangaza, ambalo lina sauti ya redio. Kueneza, ambalo linamgusa na anayerusha tu. Na kuweka hadharani, ambalo ni refu lakini mama wa Manundu angelielewa mara ya kwanza. Binafsi naelekea kwenye hilo la mwisho, ila sijui litakavyonyambuliwa katika hati ya mashtaka bila kukwaruza. Wafasiri wa mahakama na makatibu tarafa waliokwisha kukutana na neno hili kazini wanaombwa watuletee sentensi walizozitumia, kama zilivyo, pamoja na maelezo ya jinsi mshtakiwa alivyozielewa.